Kovu la Upande wa Pili

1

Gwantwa ndiye aliyeliona kwanza, na aliliona kwa sababu ya uvivu wake. Alikuwa amepewa picha za Tusekile azitie fremu kwa ajili ya maonyesho, na badala ya kwenda kukata mbao alikaa sakafuni kwa Tusekile na kikombe cha chai, akizitazama moja moja huku akiisema pua ya rafiki yake. Zote zilikuwa picha za mtu mmoja. Tusekile kavaa kitenge, Tusekile kaegemea dirisha, Tusekile kanyoa kipara, Tusekile ana mafua. Watu wa Tukuyu walikwisha kumchoka, wengine walimwita Bibi Kioo, naye hakujali hata kidogo. Kila alipoulizwa kwa nini hachori milima na mashamba ya chai kama wachoraji wenye akili zao, alijibu kwamba mlima wa Rungwe unajijua, yeye ndiye bado.

"Hivi wewe siku hizi unajichora kwa picha za simu?" Gwantwa akauliza.

"Kwa kioo. Si hicho hapo nyuma yako."

"Basi mbona kovu liko huku?"

Tusekile alikuwa na kovu dogo lililoukata unyusi wake wa kushoto, kovu la utotoni ambalo hakukumbuka amelipataje. Mtu akijitazama kwenye kioo, unyusi wake wa kushoto unakaa upande wa kushoto wa kioo, na mchoraji anayejichora humo huuhamishia kwenye turubai vilevile, kushoto kwa kushoto. Anayeuona unyusi huo upande wa kulia ni mtu mwingine, yule aliyesimama mbele yako na kukutazama uso kwa uso. Kila anayejifunza kujichora hukutana na jambo hilo siku za mwanzo, hushangaa kidogo, kisha hulizoea. Kwenye picha za Tusekile, kuanzia ile ya kwanza aliyoichora akiwa msichana wa shule, kovu lilikuwa kulia.

Alicheka. Alisema labda ni mazoea, maana picha za watu kwenye simu ndivyo zinavyokaa, na macho yake yalikwisha kuuzoea uso wake hivyo. Gwantwa hakucheka. Alisimama, akavuta kigoda mbele ya kioo, akampa kipande cha mkaa na karatasi.

"Chora. Nataka nione kwa macho yangu."

Tusekile akachora, kwanza kwa mzaha, akimkunjia Gwantwa uso kwenye kioo, halafu akazama kazini kama kawaida yake na mzaha ukaisha. Gwantwa alisimama nyuma ya bega lake, akitazama kioo, akitazama karatasi. Nje ndege-mzigo za parachichi, zile zisizo na rubani, zilipita juu ya bati zikivuma kuelekea kiwandani, kisha kukawa kimya. Alipomaliza, wote wawili waliinama kuangalia. Dirisha lilikuwa palepale kioo kilipoliweka. Kabati vilevile. Uso peke yake ndio uliokuwa umegeuka, na kovu lake liko kulia. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sasa hawakuweza kuacha kuliona: macho ya picha hayakumtazama mchoraji usawa. Yalitazama juu kidogo, kama ya mtoto anayemwangalia mtu mrefu kuliko yeye.

"Tuse," Gwantwa akasema polepole, "huyu anayekuchora hayumo kwenye kioo. Amesimama mbele yako."

Mkono wa Tusekile ulikuwa umekwisha kwenda wenyewe nyuma ya sikio, kwenye kile kifundo kigumu chini ya ngozi, mahali kilipoingilia kiraka chake.

Viraka havikuwa siri wala aibu. Ugonjwa wa kuzimika ulipopita, Tusekile akiwa bado mdogo wa kubebwa mgongoni, uliwachagua watoto. Mtoto anacheza, mara anasahau neno, mara anasahau mguu, mwisho anasahau kupumua. Dawa ilipatikana moja tu, nayo ni kipande cha ubongo hai kutoka kwa mtoto mwingine, kikatiwa pale palipokufa, kikaachwa kishike. Kizazi chao kilijaa watu wenye kifundo nyuma ya sikio, na waliokuwa nacho walitaniana kwamba kichwani mwao kuna mpangaji. Tusekile aliambiwa na mama yake kwamba kiraka chake kilitoka kwa mtoto wa watu, aliyegongwa na gari huko Uyole. Aliambiwa mara moja, na hakuona sababu ya kuuliza tena.

Gwantwa aliondoka na picha zake bila kumaliza chai. Kwa mtu anayemjua Gwantwa, hilo peke yake lilitosha kumtia hofu.

2

Tusekile alijikaza. Alijiambia ni kazi tu, ni mkono tu, na akaendelea kujiandaa kwa maonyesho kama mtu asiye na hili wala lile. Ila aliacha kujitazama kwenye kioo akipiga mswaki. Alikuwa na hisia kwamba akikitazama kwa muda, atamkuta mtu amekwisha kumtangulia kutazama.

Siku moja baada ya chakula cha mchana alikaa kusafisha brashi. Mvua ilikuwa inanyesha. Alipozinduka, mvua ilikuwa imekatika zamani, majani ya migomba nje yamekauka maji, na yeye alikuwa amesimama, shingo inamuuma, rangi imemfika viwikoni. Mbele yake palikuwa na picha mbichi.

Ilikuwa picha ya mtoto mdogo katika kitanda cha chuma. Kichwa chake kimefungwa bendeji, mdomo uko wazi kidogo, na juu ya jicho lake amebandikwa plasta. Aliyekichora kitanda hicho alikuwa amelala katika kitanda cha jirani, unaliona hilo mara moja kwa namna shuka zilivyopanda kama kilima na mto ulivyoziba robo ya chini. Nyuma ya mtoto palikuwa na mlango ulio nusu wazi, na mwanamke anatoka, mgongo tu. Tusekile alisimama akaitazama hadi miguu ikafa ganzi. Alijua yule mtoto ni yeye. Aliogopa sana, na katikati ya hofu hiyo, kwa kuwa ubaya wa wasanii ndio huo, aliona pia kwamba hajawahi kuchora kitu kizuri kama kile.

Akaipeleka kwenye maonyesho. Angeweza kuificha, na angeificha asingekuwa na majivuno.

Maonyesho yalifanyika Jumapili baada ya ibada, katika ukumbi ulio karibu na soko. Watu walikuja na nguo zao za kanisani, wakala sambusa za bure, wakasema picha zimefanana. Mama yake alikuja akiwa amejifunga kitenge kipya, akapita ukutani akitabasamu kwa kila uso wa binti yake, mpaka alipofika kwenye kile kitanda cha chuma. Hapo alisimama. Tusekile, aliyekuwa upande wa pili wa ukumbi akipongezwa na diwani, aliona mabega ya mama yake yakipanda na kubaki juu.

Kabla hajamfikia, bibi mmoja aliyevaa sweta la kijani alimwahi. Alikuwa mgeni, ametoka Kyela kumtembelea mwanawe, na uso wake ulikuwa umejaa furaha ya kumkuta mtu wa zamani.

"Ugonile, Mama Atupele," bibi akasema, akimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Jamani, umepotea miaka yote hii. Tulijua mmehamia Zambia."

"Umenifananisha, mama," mama yake Tusekile akasema.

"Nikufananishe wapi, tumekaa ukuta kwa ukuta." Bibi akageuka, akaiona picha, akakunja macho. "Na huyu si mdogo wake Atu? Yule aliyekuwa haponi? Loo, masikini. Hivi alipona?"

Mama yake aliuchomoa mkono wake, akatoka nje bila mwavuli. Tusekile alibaki amesimama na sahani ya sambusa. Kwao, kama kwa watu wengi, mwanamke akishazaa huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na jina hilo humfuata mpaka kaburini. Maisha yake yote alikuwa amemsikia mama yake akiitwa Mama Tusekile, na hakuna siku aliyowaza kwamba lingeweza kuwa jina la pili.

3

Alimkuta jikoni, anamenya ndizi. Alikuwa amemenya nyingi kuliko zinazoweza kuliwa na watu wawili, na bado anaendelea.

"Atupele ni nani, mama?"

"Maji yanachemka. Hebu punguza moto."

"Yaache yachemke."

Mama akaweka kisu chini. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, wa kutania wauza mboga na kucheka kanisani mahali pasipochekwa, na Tusekile hakuwahi kumwona akitafuta neno. Sasa alilitafuta kwa muda mrefu.

"Dada yako. Alikuwa na miaka saba, wewe mitatu. Hilo kovu ni yeye, alikuwa anakubeba akakuangusha kwenye ngazi, akalia kuliko wewe. Siku chache baadaye mkashikwa wote. Vitanda vyenu vilikaribiana, alikuwa akinyoosha mkono anakufikia. Wewe ulikuwa umekwisha kusahau kumeza. Yeye ilikuwa imekwenda miguu. Daktari akaniita pembeni, akasema hawa wote wawili hawatoki humu. Akasema mmoja anaweza kumfaa mwenzake, ila iwe mapema, kabla ugonjwa haujakula kilicho kizima."

"Akiwa hai."

"Alikuwa anaongea, Tuse. Asubuhi ile alikuwa anadai kusukwa nywele." Alifuta mikono kwenye kanga, ingawa ilikuwa mikavu. "Baba yako akakataa. Akasema yeye anamwachia Mungu, akatoka nje ya hospitali, mpaka leo. Nikabaki mimi. Ningemwachia Mungu ningewazika wote. Nikasema sawa."

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia mnakwenda kulala, mkiamka mmepona. Nikasema nakwenda kufunga mlango, baridi inaingia. Nikaufunga nikiwa nje."

Maji yalichemka yakamwagikia jiko, na hakuna aliyenyanyuka. Baada ya muda mama akasema, bila kumtazama, kwamba ule ujumbe wa kliniki ya Mbeya, wa kuwaita wenye viraka waende kuchagua kama aliyemo ndani alazwe moja kwa moja au aachwe, yeye aliusikia siku ulipoingia kwenye simu ya Tusekile.

"Nenda wakamlaze," akasema. "Nakuomba. Nikikupakulia chakula kuna wakati unainua macho, na si wewe unayeniangalia. Umekuwa hivyo tangu mdogo. Nimechoka, mwanangu. Na yeye amechoka."

"Umejuaje kwamba yeye amechoka?"

Mama yake akarudi kwenye ndizi zake.

Tusekile alikwenda chumbani akajifungia. Ingependeza kusema kwamba alimlilia dada yake. Hakumlilia. Kilichomuuma kwanza zilikuwa zile picha. Miaka yote alikuwa akiusaka uso wake mwenyewe, alifukuza wanaume kwa ajili hiyo, alilala na njaa kwa ajili ya rangi, na kumbe muda wote kulikuwa na mtoto wa miaka saba amesimama mbele yake akimtazama, naye akiandika tu alichokiona yule mtoto. Hakuwa na picha hata moja aliyoweza kusema ni ya kwake. Aliona wivu, akaona aibu kwa kumwonea wivu marehemu, na chini ya vyote hivyo alikuwa anaogopa. Kila alichokiwaza alijiuliza nani anakiwaza. Alitaka kubaki peke yake ndani ya kichwa chake, kama watu wengine wanavyobaki, wasijue hata kwamba ni raha.

Asubuhi alimwambia mama yake kwamba atakwenda, na kwamba atamlaza.

4

Daktari Luhende alikuwa mwanamama mnene mwenye sauti ya mwalimu wa chekechea, na alieleza mambo kwa namna ya mtu aliyeyaeleza mara nyingi lakini hataki ionekane.

"Nyie wa Tukuyu mnajua parachichi," alisema. "Unachukua shina la kienyeji, unalifunga kikonyo cha aina nyingine. Likishika, mti ni mmoja. Maji ni ya shina, matunda ni ya kikonyo. Kiraka huwa kinyume. Mara nyingi kikonyo kinasahau kilikotoka, kinazaa matunda ya shina, na mtu anaishi asijue kitu. Wewe chako hakijasahau. Hutokea hasa kwa ndugu wa damu."

"Kwa hiyo kuchora si kwangu."

"Kuchora ni kwako. Nimepima. Mkono ni wako, umejifunza mwenyewe, nikimlaza mgeni utabaki nao wote. Kinachotoka kwake ni pale anaposimama kutazama. Utaanza kujiona kwenye kioo kama tunavyojiona sisi wengine."

"Na nisipomlaza?"

Daktari akavua miwani. "Ubongo wako unakaza, mwaka huu au ujao. Ukishakaza hatugusi tena, ni hivyo maisha. Naye atakua, kwa kiasi ambacho siwezi kukutabiria. Wapo wanaopoteza alasiri moja moja, wanaishi vizuri tu. Yupo mmoja hapa mjini ambaye nusu ya wiki hajui alikokuwa. Sikufichi. Kumlaza hakuumi, hakuchukui hata saa moja, na halafu basi. Hatuwezi kumwamsha."

"Yeye anaulizwa?"

"Hilo ndilo tunalolifanya sasa. Kuna Kanuni ya Mgeni. Kiraka kikiweza kujionyesha kwamba ni mtu, kinakuwa na kauli, na hatukigusi mpaka kikubali. Tunakiomba kijichore. Kikichora uso wake wenyewe, ni mtu. Kikichora kingine chochote, au kisichore, tunahesabu kwamba ni nyama yako tu, na uamuzi unabaki wako."

Walimvika kofia nzito ambayo wafanyakazi wa pale waliita kilemba. Kazi yake ilikuwa kumtuliza mwenyeji, ili mgeni aliyeko ndani apewe mkono kwa dakika chache bila kusukumwa. Waliweka karatasi mbele yake na penseli. Tusekile alisikia daktari akisema kwa sauti yake ile ya chekechea, "Jichore, mama. Chora wewe ulivyo," halafu sauti ikaenda mbali, na yeye akaenda mbali vilevile.

Aliporudi, kilemba kilikuwa mezani na daktari alikuwa ameshika karatasi, ameielekeza kwake mwenyewe.

"Hakujichora," daktari akasema. Alionekana kupata nafuu. "Tulimwambia mara tatu. Amekuchora wewe."

Akaigeuza. Alikuwa yule mtoto wa kitanda cha chuma, kwa mistari ya mtoto sasa, mizito na iliyopinda, lakini plasta ipo mahali pake, upande wa kulia. Hapakuwa na mlango wala mwanamke. Tusekile aliisogeza karibu. Chini kabisa, pembeni, kulikuwa na kitu ambacho daktari alikiona kama kivuli cha shuka. Ulikuwa mkono mdogo. Ulianzia ukingoni mwa karatasi, bila bega, ukavuka nafasi iliyo kati ya vitanda viwili, na vidole vyake vimeshika kidole cha yule mtoto. Kila ukucha ulikuwa umechorwa.

Tusekile aliutazama mkono ule kwa muda mrefu. Yeye alikuwa ametumia nusu ya maisha yake mbele ya kioo, na alijua vizuri mtu anaona nini cha mwili wake akiwa hana kioo.

"Mlimpa kioo?" akauliza.

"Kanuni haisemi kioo."

"Daktari, wewe hapo ulipo, chora unachokiona cha kwako. Usichore unachokikumbuka, chora unachokiona. Utachora mikono yako. Huna uso, uso wako unaonwa na wengine. Huyu hapa mlimwambia ajichore, akachora mkono wake. Amejichora."

Daktari Luhende alichukua karatasi, akauona mkono. Alikuwa mtu mwema, na ilionekana wazi kwamba jambo lile limemgusa mahali ambapo asingependa liguse.

"Kanuni inasema uso," alisema mwishowe. "Nikiandika mkono, wakubwa wangu watasoma mkono, watasema hakuna mtu. Kwa karatasi zangu, uamuzi ni wako peke yako. Pole."

Kinasa sauti kilikuwa mezani, taa yake inawaka. Sheria ilitaka neno litoke kinywani mwa mwenye kichwa. Tusekile alikuwa amelifanyia mazoezi neno lake njiani kote, na lilikuwa karibu, lilihitaji kutamkwa tu. Baada ya hapo angetoka nje akiwa mmoja. Angekwenda nyumbani, angekaa mbele ya kioo, angejiona, na kovu lingekuwa kushoto. Alitamani hivyo kwa namna ambayo machozi yalimlenga. Alifikiria pia hiyo nusu ya wiki isiyojulikana, alasiri zikimwagika moja baada ya nyingine, na siku moja kuzinduka akiwa mzee na nyumba imejaa picha asizozijua.

"Mimi Tusekile Mwaitebele," alisema, na sauti ikamkatika, akaanza upya. "Mimi Tusekile Mwaitebele. Simlazi."

"Unaweza kutaja sababu," daktari akasema kwa upole. "Si lazima. Wengine hupenda ibaki."

"Alikwisha kudanganywa mara moja kwamba anakwenda kulala."

Daktari alizima kinasa sauti. Kisha, kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine ya kufanya na mikono yake, akaikunja ile karatasi vizuri na kumpa.

5

Mama yake alikuwa amekaa kwenye benchi la ukumbi wa kusubiri, mkoba mapajani, amekaa katikati kabisa kama mtu aliyekodi benchi zima. Alimwona binti yake akija, akamchunguza uso kwa woga, akitafuta kilichopungua.

"Imekwisha?"

"Sikumlaza, mama."

Mama yake hakupiga kelele wala hakulia. Alitazama sakafu, akakaza mikono juu ya mkoba, na kwa mara ya kwanza Tusekile aliona jinsi alivyozeeka. Wagonjwa walipita. Mhudumu mmoja alipita na ndoo.

"Basi umeamua aendelee kuniangalia," mama akasema.

"Hakuangalii unavyofikiri, mama. Amenichora mimi. Kila mara ananichora mimi tu." Tusekile akachuchumaa mbele yake, magoti ya mama yake yakimgusa kifuani. Alikuwa na hasira naye bado, na alijua hasira ile ina miaka mingi mbele yake, lakini hakuwa na mama mwingine wa kumpa yule mtoto. "Mwite."

"Nani?"

"Unamjua."

"Siwezi, Tuse. Sijalitaja jina lile tangu siku ile. Hata kwenye sala sijalitaja."

"Mwite tu. Hata asipokuja."

Mdomo wa mama ulifunguka ukafunga. Aliangalia huku na huku, kama mtu anayetaka kuiba. Kisha akainama mpaka kitenge alichojifunga kichwani kikaugusa unyusi wa binti yake, na alilitamka kwa sauti ndogo mno, sauti ya kumwita mtoto aliyelala bila kutaka kumshtua.

"Atupele."

Tusekile alikuwa amekusudia kunyamaza, atege sikio ndani yake asikie kama kuna kitakachosogea. Hakuwahi hata kuvuta pumzi.

"Abee, mama," kinywa chake kikasema, haraka na kwa adabu, kama mtoto aliyekuwa chumba cha pili muda wote akisubiri kuitwa.

Mama yake alijifunika uso kwa mikono miwili, na mkoba ukaanguka. Baadaye, bila kuondoa mikono usoni, akasogea kidogo kwenye benchi, akasogea tena, mpaka akafika pembeni kabisa, na nafasi aliyoiacha ilitosha watu wawili.